Msitu Hausomwi Bila Mwalimu

Baadhi ya wazazi wa Singida wametuuliza swali lenye maana. Watoto wao, kila likizo inapokaribia, huomba wapelekwe kutembea katika misitu ya milimani, kama walivyosikia wenzao wakisimulia. Wazazi hao wauliza: kuna faida gani kutoa nauli ya safari ndefu kwenda kutazama miti, kisha kumlipa mtu atutangulie njiani, hali macho tunayo?

Twajibu ya kwamba macho tunayo, lakini macho peke yake hayatoshi. Kitabu chetu kitukufu kinatuita mara nyingi tutembee katika ardhi na tuzingatie, na mazingatio yahitaji mwalimu.

Tuchukue mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyo katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Atokaye Singida hupita Dodoma na Morogoro mpaka Mikumi, kisha hugeukia kusini kwenda Mang'ula, penye lango. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, na eneo lake ni kilomita za mraba 1,990. Haina barabara za kuizungukia kwa motokaa; tajiri na maskini wote huitembelea kwa miguu, nao huongozwa. Ziko njia fupi ziwafaazo watoto wadogo. Iko njia ya Maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka kwa ngazi zenye urefu wa mita zipatazo 170; hiyo huchukua saa kadhaa, na aondokaye asubuhi hurudi kwa wasaa. Iko pia ya kilele cha Mwanihana, ambayo ni safari ya siku tatu. Katika njia ndefu hapana budi kufuatana na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya tembo na nyati.

Sasa tutazame kazi ya mwongozaji. Mwaka 1979 wataalamu wa viumbe walikuwa wakifanya uchunguzi katika misitu hiyo, wakasikia mlio wasioutambua. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakushangaa hata kidogo. Aliwaambia kuwa huyo ni ng'olaga, mnyama ajulikanaye na watu wa hapo. Walipofuatilia, wakamkuta kima aina ya mangabe ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha elimu yao. Leo dunia nzima humwita kwa jina la Sanje.

Tena mambo hayo hayakutokea mara moja tu. Katika nchi ya Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama aitwaye kipunji. Wako waliodhani kuwa ni hadithi za wazee tu. Watafiti walipoyafuata maneno hayo, mwaka 2003 wakamwona kima huyo kwa macho yao, na mwaka 2005 habari zake zikatangazwa ulimwenguni. Kipunji huyo huyo alionekana pia katika msitu mmoja wa Udzungwa.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Wasomi walikuwa na vyombo na vitabu. Mwenyeji alikuwa na masikio yaliyofunzwa na baba zake. Lau wasomi wale wangaliona haya kumwuliza, wangalirudi mikono mitupu. Basi fedha tumpayo mwongozaji si ujira wa kutuonyesha njia tu. Ni ada ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Tumfuate kwa adabu, tumpe nafasi ya kusema, wala tusipige kelele msituni kana kwamba tuko sokoni. Wakati wa sala tumweleze mapema, naye atatuonyesha mahali salama pa kusimama.

Lakini tunalo neno jingine kwa vijana wa Singida, nalo ndilo zito zaidi. Sisi wenyewe katika ujana wetu tulipita katika miombo mara nyingi pamoja na wazee wetu, tukiona kuni na nguzo za kujengea. Hatukuuliza. Leo tukitaka kuuliza jina la mti kwa Kinyaturu, au ni maua gani yaitiayo nyuki asali, wengi wa wale waliojua wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Hasara hiyo hatuwezi kuilipa, na hatupendi nanyi muipate.

Msidhani kuwa elimu hiyo haina kazi. Kaskazini-mashariki mwa mji wa Singida uko Msitu wa Mgori, msitu wa miombo wenye makumi ya maelfu ya hekta. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 palikuwa na mpango wa kuufanya hifadhi ya Serikali, na wanavijiji hawakuridhika, kwani waliona kuwa wanafanywa wageni katika ardhi yao. Kisha shauri likageuzwa. Kuanzia mwaka 1995, vijiji vitano, yaani Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vilikabidhiwa ulinzi, kila kijiji na sehemu yake. Wakaweka sheria zao, wakachagua vijana wao kuuzunguka msitu kwa miguu, kuzuia moto na wakata mbao wasio na ruhusa. Habari zao zikasomwa katika nchi nyingi kama mfano wa raia kulinda msitu wao. Vijana wale waliweza kuulinda kwa kuwa waliujua, nao waliujua kwa kuwa walitembea ndani yake pamoja na wenye kuujua.

Basi shauri letu kwa wazazi ni hili. Mwenye uwezo na awapeleke watoto Udzungwa, hatapoteza. Lakini kabla ya kukata tikiti, mtoto na ashike daftari, amwendee babu yake au bibi yake, amwombe atembee naye asubuhi moja katika vichaka vya karibu. Kila mti aandike jina lake na manufaa yake. Asiye na safari ya mbali naye hakunyimwa, maadamu mwalimu yu hai nyumbani kwake.

Wabillahi tawfiki.