Kuteremka Bila Gia Si Kubana Petroli



Mwezi huu sitaandika habari za ndama wala mbolea. Nataka kusema nanyi juu ya gari, maana siku hizi wakulima wengi wa skimu zetu wana pikapu ya kupeleka maziwa, ndizi na majani chai, na wengi wao wana desturi moja mbaya ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayo.

Desturi yenyewe ni hii. Mtu afikapo juu ya kilima huitoa gia, na wengine huzima injini kabisa, gari literemke lenyewe mpaka darajani. Ukimwuliza, atakujibu kwamba anabana petroli. Hapa kwetu Itumbe hakuna safari isiyo na mteremko, kwa hiyo mtu hufanya hivyo mara nyingi kwa siku na kujisifu kwamba anajua kutunza fedha.

Mimi nami nilijisifu hivyo hata siku moja, baada ya mvua, nilipokuwa nikiendesha pikapu ya rafiki yangu iliyopakia mikebe ya maziwa. Juu ya kilima nilizima injini. Breki ilishika mara ya kwanza, ikashika mara ya pili, na mara ya tatu pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Usukani nao ukawa mzito. Huko chini watoto walikuwa wakitoka shule. Nililipandisha gari kwenye ukingo wa barabara, mikebe ikaanguka na maziwa yakamwagika, lakini hakuna mtoto aliyeguswa. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alikuja taratibu, akatazama ule weupe mtaroni, akaniuliza, "Mwalimu, umebana petroli ya shilingi ngapi?" (Watu hapa bado huniita Mwalimu, ingawa sasa kazi yangu ni ya ukarani.) Sikuwa na jibu. Maziwa niliyalipa mimi.

Leo jibu ninalo. Injini ndogo ikinguruma bila gia hutumia kama nusu lita mpaka lita moja ya petroli kwa saa nzima. Mteremko wa dakika tano basi ni vijiko vichache tu. Tena magari mengi ya siku hizi hayana kabureta. Yana mtambo wa kupuliza petroli, ambao mafundi huuita EFI. Gari la namna hii likiteremka ndani ya gia, nawe umeondoa mguu kwenye aksileta, mtambo hukata petroli kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini hudai petroli ili isizimike. Kwa hiyo mwenye kutoa gia ndiye anayepoteza!

Kuzima injini ni kubaya zaidi. Kile kifaa kinachousaidia mguu kwenye breki hupata nguvu zake kwa injini. Injini ikizimwa, hubaki nguvu za kukanyaga mara mbili au tatu, kisha basi. Na mtu akichomoa ufunguo, usukani waweza kujifunga.

Teremka kwa gia ile ile ambayo ungetumia kuupanda mlima huo. Injini yenyewe italizuia gari, na breki hazitachemka. Mwenye gari lisilo na klachi aweke gia ya chini, 2 au L.

Breki zina maji yake, na hapa nina ugomvi na baadhi yetu. Maji hayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakizeeka huchemka katika mteremko mrefu, na pedeli huzama mpaka chini. Yafaa yabadilishwe kila miaka miwili. Nimeona mtu akiongeza oili ya injini katika chupa ya breki kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo nyumbani. Oili hiyo huvimbisha mipira yote ya breki na kuiharibu. Kama maji ya breki yamepungua, yamekwenda mahali, au breki zimelika. Mwite fundi kabla hujapakia.

Sasa, petroli hupotea wapi? Kwanza kwenye matairi. Tairi lenye upepo mdogo huwa zito kuzunguka, hupata moto, na hulika kando kando. Lipime asubuhi kabla ya safari, likiwa baridi, kila juma. Kipimo chake kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pili, breki inayobana. Baada ya safari fupi sogeza mkono karibu na kila gurudumu, usiliguse. Likiwa moja lina moto kuliko wenzake, hapo ndipo fedha yako inapoungua. Tatu, vumbi la murami huziba chujio la hewa. Nne, mzigo. Gunia usilolihitaji njiani liache nyumbani.

Oili ya injini na maji ya rejeta hutazamwa injini ikiwa baridi, gari likiwa mahali tambarare. Katika vilima vyetu vya mita 1,700 hivi, maji hayangoji nyuzi 100, huchemka kwenye 94 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyazuia kwa kuyabana. Kikilegea utaona moshi mweupe mlimani, na ukikifungua kwa pupa utaungua uso.

Mkulima asiyekosa siku ya josho aweza kukaa miezi minane bila kufungua boneti. Sielewi kwa nini.

Neno la mwisho ni kwa wanunuao matairi yaliyotumika. Ubavuni tafuta tarakimu nne mwishoni mwa alama za DOT. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na mpira wake umekwisha kupasuka kwa uzee. Litazameni na lile la akiba pia, maana hilo ndilo huzeeka bila kuonekana.