SEHEMU YA 5: Funga skrini kama unavyovuta pazia

Onga maundo, wapendwa. Kwa wasiojua Kisambaa, hiyo ni salamu ya asubuhi. Leo niko off, nawaandikia kutoka nyumbani Mtae. Ukungu umetanda, tambarare za Mkomazi huko chini hata hazionekani.

Niliahidi tutaongelea kompyuta. Najua kuna watakaosema, nesi na kompyuta wapi na wapi? Naomba mnisikilize kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kituo kimoja, sitakitaja, maana kosa lilikuwa langu mimi. Nilikuwa naingiza taarifa za dada mmoja anayetumia dawa za ARV. Nikaitwa wodi ya wazazi, kuna mama anasukuma. Nikakimbia, kama ambavyo nesi yeyote angekimbia. Mtoto akazaliwa salama, tukashangilia. Kumbe nyuma yangu skrini nimeiacha wazi, na jirani wa yule dada kaingia kuuliza kadi ya kliniki.

Tarehe yake ya dawa ikapita, hajaja. Nikampigia simu. Akaniambia, "Sista, nije kwa sura gani? Mtaa mzima unajua." Baadaye akahamia kliniki ya mbali, anapanda basi la alfajiri kwenda kufuata dawa ambazo zipo dakika kumi kutoka kwake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jamani, huku milimani sote ni ndugu au majirani. Ukikohoa Mtae, Lukozi wanakuuliza umepona? Siri ikitoka hairudi.

Enzi za makaratasi tulijua kutunza. Faili la mgonjwa liko kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo uko mfukoni kwa sista. Sasa hivi kabati lote limehamia kwenye kompyuta moja, na tunaliacha wazi tukienda kunywa chai! Msimamo wangu ni huu: kufunga skrini siyo kazi ya fundi, ni kazi ya uuguzi. Huwezi kumpima mama bila kuvuta pazia. Basi usinyanyuke kwenye kiti bila kufunga skrini.

Sasa tuelewane, maana watu wanachanganya mambo matatu.

Kufunga skrini: kazi zako zote zinabaki zilipo, ila mtu hawezi kuona wala kugusa bila nywila. Hii ni ya kila unaponyanyuka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L, basi. Haifiki sekunde moja.

Kutoka kwenye akaunti: programu zako zinafungwa na anayefuata anaingia kwa jina lake. Hii ni ya kubadilishana zamu. Usipotoka, mwenzako akikosea dozi, rekodi inaonyesha jina lako.

Kuzima: ni ya mwisho wa kazi, kama hakuna zamu ya usiku.

Kwa wanaosahau vitufe, kuna skripti. Usiogope neno. Ni faili dogo la maandishi lenye amri, ukilibofya kompyuta inatii. Fungua Notepad, andika mstari mmoja tu:

rundll32.exe user32.dll,LockWorkStation

Hifadhi kwenye skrini ya mwanzo kwa jina funga.bat, ukihakikisha halijaishia na .txt. Ukilibofya mara mbili, skrini inajifunga. La kutoka kwenye akaunti andika shutdown /l na uliite toka.bat. La kuzima andika shutdown /s /t 300, uliite zima.bat. Hiyo 300 ni sekunde, yaani dakika tano za kujiandaa. Ukibadili mawazo, amri ya shutdown /a inasitisha.

Tahadhari mbili. Kwanza, usiliite faili lako shutdown.bat. Litakuwa linajiita lenyewe, linazunguka tu na kompyuta haizimi. Pili, ukiweka muda kwenye amri ya kuzima, muda ukiisha kompyuta inazifunga programu kwa nguvu. Ambacho hukuhifadhi kimekwenda. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alipanga kompyuta ijizime yenyewe saa 10 jioni kila siku. Siku hiyo mwenzangu alikuwa katikati ya kuandika taarifa ya mama aliyetokwa damu nyingi. Yote ikapotea, akaanza upya kwa kumbukumbu. Ndiyo maana nasema, kufunga skrini kuwe kwepesi na kwa haraka, lakini kuzima kuwe kwa mkono wa mtu aliyeangalia kwanza. Na kabla hujaweka chochote kwenye kompyuta ya kazini, muombe ruhusa mtu wa TEHAMA wa halmashauri yako.

Kuna wanaonipinga: "Sista, kwenye dharura nani ana muda wa nywila?" Hoja ina uzito, siidharau. Lakini kinachochukua muda ni kufungua. Kufunga hakuchukui muda. Na kwenye dharura unamkimbilia mgonjwa, skrini itakusubiri. Tatizo letu halisi ni nywila moja ya watu kumi na wawili, imebandikwa kwa plasta pembeni ya skrini. Hapo hata ufunge mara mia, umefunga mlango na ufunguo ukauacha kwenye kitasa.

Wanaosubiri sheria, sheria ipo tayari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 nayo inadai usiri. Lakini mimi sihitaji kutishwa na sheria. Kiapo cha Nightingale kilitungwa mwaka 1893, hakuna aliyewahi kuota kompyuta, na tayari kilitutaka tutunze siri za wagonjwa. Tulikitamka tukiwa na mishumaa mkononi. Au tulikuwa tunapiga picha tu?

Kesho ukiingia zamu, jaribu siku moja tu. Kila ukinyanyuka, Windows na L. Wakuu wa vituo, muombeni mtu wa TEHAMA aweke skrini ijifunge yenyewe ikikaa dakika chache bila kuguswa, ila msiitegemee hiyo peke yake. Jirani mdadisi hahitaji dakika tano, anahitaji sekunde tano.

Yule dada bado anapanda basi la alfajiri. Mimi siwezi kumrudishia siri yake. Wewe wa kwako bado unaweza kumtunzia.

Sehemu ya 6: nywila, na kwa nini 123456 siyo nywila. Aliye na swali aulize hapo chini, nitajibu nikitoka shamba.