Mchezo Huu ni Kazi

Iko methali ambayo sisi walimu wa Kiswahili hatuchoki kuitumia, nayo ni hii: Kazi mbaya si mchezo mwema. Tunaifundisha, tunaitungia maswali ya mtihani, na mwanafunzi anapoandika katika insha yake kwamba angependa kuwa mwigizaji wa sinema au mchekeshaji wa televisheni, wengi wetu humwandikia methali hiyo pembeni kwa wino mwekundu, tukidhani tumemfaa. Mimi nasema kwamba hapo methali hiyo haina mahali. Wapo watu katika Afrika Mashariki ambao mchezo ndio kazi yao. Wameufanya kwa miaka thelathini na arobaini, wakalisha jamaa zao na kulipia karo za watoto wao kwa ujira wake, na sisi tunaoishi kwa lugha wanayoitumia tumekuwa wa mwisho kuwaita wafanyakazi.

Wanaoibeza kazi hii wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba anayekwenda kuchekesha watu ni yule aliyeshindwa shule. Ya pili ni kwamba usanii haulishi, na ushahidi wao ni kuwa wasanii hukimbilia kazi nyingine: huyu siasa, yule redio, mwingine kilimo.

Hoja ya kwanza haihitaji wino mwingi. Anne Kansiime, mwenyeji wa Kabale hapa kwetu Uganda, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere alipoingia katika kikundi cha maigizo mjini Kampala. Vipande vyake vifupi alivyotia katika intaneti ndivyo vilivyompeleka mbali kuliko shahada. Vijana watatu wa Redykyulass waliotamba katika televisheni ya Kenya mwishoni mwa utawala wa Rais Moi, wakimwiga yeye mwenyewe bila kujificha, walitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta. Lupita Nyong'o tunapenda kumtaja kwa ile tuzo ya Oscar ya mwaka 2014, lakini hatupendi kutaja kwamba kabla ya hapo alikuwa mtumishi mdogo nyuma ya kamera wakati filamu ya *The Constant Gardener* ilipopigwa Kenya, kisha akaigiza katika mchezo wa televisheni wa vijana, *Shuga*, kisha akaenda kusomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Sisemi kwamba kila mchekeshaji ni msomi. Huko kungekuwa kubadili kosa moja kwa jingine. Isaac Nabwana wa Wakaliga alifyatua matofali kabla ya kutengeneza filamu zake, na Amri Athuman wa Tanga, ambaye watu wote walimjua kwa jina la King Majuto, alianza kuigiza angali mtoto, miaka mingi kabla ya Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kufunguliwa mwaka 1981. Njia za kuingilia ni nyingi. Asiyejua hilo asijitie kumshauri mtoto wa mtu.

Hoja ya pili ndiyo inayonikera zaidi, maana ina chembe ya ukweli ndani yake na kwa hiyo hudanganya vizuri. Ni kweli kwamba wasanii hawa hushika mambo mengi. John Kiarie wa Redykyulass alikuwa mchekeshaji na mchora katuni, na mwaka 2017 akachaguliwa kuwa Mbunge wa Dagoretti Kusini, akarudishwa tena mwaka 2022. Mwenzake Walter Mong'are alikwenda redioni, baadaye akaingia katika utumishi wa serikali. Masanja Mkandamizaji wa Tanzania ni mchekeshaji, na vilevile mwimbaji wa nyimbo za dini, mhubiri na mkulima wa mpunga. Kwetu hapa marehemu Kato Lubwama alitoka jukwaani na redioni akaingia Bungeni mwaka 2016. Vyeti vyake vya shule vikapelekwa mahakamani kubishaniwa, naye akakaa katika kiti chake mpaka mwaka 2021.

Lakini hayo yanathibitisha nini? Niambieni, ndugu walimu, ni nani kati yetu asiye na shamba la mihogo, au kioski, au masomo ya jioni ya kulipiwa? Mbona hatusemi kwamba ualimu si kazi? Mwigizaji hupigwa picha siku chache, na siku za kungoja ni nyingi kuliko hizo. Anayengoja bila jembe wala kipaza sauti cha redio atalala njaa. Hali hiyo si ya Afrika peke yake. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, na waliogoma hawakuwa mabingwa wenye majumba ya fahari tu. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida ambao uigizaji peke yake hauwatoshi, wakidai ujira wa haki pale kazi zao zinapoonyeshwa tena na tena katika intaneti, na kinga dhidi ya sura zao kunakiliwa kwa kompyuta. Wao wamejua kwamba aibu haiko katika kuwa na kazi mbili. Iko katika kazi moja kufanywa na malipo yake kwenda kwa mtu mwingine.

Na hapa ndipo ninapotaka kusimama kwa muda mrefu kidogo.

Tumtazame marehemu Benson Wanjau. Kwa miongo kadhaa Wakenya, na sisi majirani tuliokuwa tukizinasa televisheni zao, tulimjua kwa jina la Mzee Ojwang', mume wa Mama Kayai katika *Vitimbi*. Alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa, naye alisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, bila kuteleza, hata watazamaji wengi wakaamini kuwa ni Mjaluo kwelikweli na kwamba Mary Khavere, aliyekuwa Mama Kayai, ni mkewe wa nyumbani. (Wenzetu wanaolalamika kwamba wachekeshaji wanaharibu Kiswahili wajaribu wao kushika lafudhi isiyo yao kwa dakika tano mbele ya darasa. Lile lilikuwa somo la matamshi ambalo hakuna kitabu chetu kilicholifikia.) Mtu huyu alipozeeka na macho yake kuugua, wananchi ndio waliochangishana fedha ili atibiwe. Alifariki Julai 2015. Wananchi walifanya wema, nami nawasifu. Lakini mchango ni sadaka, na mtu aliyejaza saa za televisheni ya taifa kwa umri wa mtu mzima hakustahili kungoja sadaka.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya King Majuto. Aliugua, akapelekwa India, akarejea, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Sura yake ilikuwa imeuza bidhaa za makampuni mengi. Ni wakati wa ugonjwa wake ndipo waziri aliyesimamia sanaa, Harrison Mwakyembe, alipotangaza kwamba mikataba ya msanii huyo na ya wenzake itapitiwa upya, na kamati ikaundwa. Mzee aliyeigiza kwa miaka sitini mikataba yake ilisomwa kwa makini alipokuwa kitandani!

Je, sisi walimu tunaingiaje? Tunaingia kwa mlango wa lugha. Msanii wetu huigiza kwa Kiswahili, huchekesha kwa Kiswahili, huvuma kwa Kiswahili. Lakini karatasi anayotiwa mbele atie sahihi mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ambacho hata mwenye shahada hukisoma mara tatu. Na hata ingekuwa ya Kiswahili, ni wangapi kati ya vijana tuliowafundisha wanaojua tofauti ya kuuza haki na kukodisha haki? Ni wangapi wanaolijua neno mrabaha, licha ya kulidai? Sheria zipo. Tanzania ilitunga yake ya hakimiliki na hakishiriki mwaka 1999, Kenya mwaka 2001, Uganda mwaka 2006. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikwenda mbele zaidi likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria isiyosomeka na anayelindwa nayo ni kama dawa iliyofungiwa kabatini.

Hapa Uganda Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe shuleni kwa lazima. Tunagombania mtaala uweje, na wengine wangependa tujaze vipindi kwa ngeli na methali peke yake. Mimi nazipenda ngeli na nimezifundisha miaka mingi. Hata hivyo nataka katika kidato cha tatu wiki mbili zitengwe kwa ajili ya mkataba wa kazi: mwanafunzi ausome, aufafanue, autunge. Achukue tangazo la sabuni linaloigizwa na mtu wa kubuni, kisha ajibu maswali. Picha hii ni ya nani baada ya kupigwa? Itaonyeshwa kwa muda gani, na katika nchi zipi? Muda ukiisha na tangazo likaendelea, analipwa nani, na kiasi gani? Akifa mwigizaji, haki yake inakwenda kwa nani? Maswali haya ni sarufi pia, maana jibu la kila moja hutegemea neno moja likae mahali pake. Kati ya "ataweza kulipwa" na "atalipwa" kuna ada ya shule ya mtoto mzima.

Wenzetu watasema walimu wa lugha si mawakili. Sawa. Lakini barua ya kuomba kazi tunaifundisha kila mwaka, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba hiyo ni kazi ya idara ya utumishi.