Gokati ya umeme: mimi nachagua cheni

Rafiki zangu wananiuliza: ukijiundia gokati ya umeme nyumbani, mota isukume magurudumu kwa njia gani? Mota iliyo ndani ya gurudumu inavutia, sikatai. Haina cheni, haina grisi, wala haina kelele. Lakini mimi nachagua cheni, na sababu ni hesabu.

Chukua mota inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Mota iwe na sproketi ya meno 10, ekseli iwe na ya meno 60. Ekseli itazunguka mara 500. Kwa tairi ya kipenyo cha sentimita 28 utapata kama kilomita 26 kwa saa, na nguvu ya kuzungusha imezidishwa mara 6. Weka meno 40 badala ya 60, utakaribia kilomita 40, ila mlimani utalia.

Mimi nililia. Gokati yangu ya kwanza niliipa meno 40 kwa tamaa ya mbio. Ilikwama kwenye kilima cha karibu na kwetu, mota ikapata moto mpaka nikasikia harufu ya waya. Dawa ilikuwa sproketi kubwa na cheni ndefu kidogo, kazi ya jioni moja. Mota ya gurudumuni uwiano wake haubadiliki: ukikosea, unanunua nyingine.

Tena cheni kila fundi wa bodaboda anaijua. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inakata vidole. Kwa hivyo, ndugu msomaji, funga kifuniko cha cheni kabla hujamkalisha mtoto. Mbio baadaye.