Usiuze afya yako kwa kitanda cha bei nafuu Urusi

MSAFIRI anayekwenda Urusi kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili kuhusu hoteli: bei ya kitanda kwa usiku mmoja, na umbali kutoka kituo cha treni za chini ya ardhi. Ni maswali mazuri, lakini hayatoshi. Swali la tatu, ambalo wengi husahau, ni hili: je, nikilala humo nitaamka nikiwa mzima?

Wakenya si wageni kabisa nchini humo. Tangu Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilipofunguliwa mjini Moscow mwaka wa 1960, vijana wetu wamekuwa wakienda kusomea udaktari, uhandisi na mengineyo. Siku hizi huenda pia wafanyabiashara, wanariadha na wajumbe wa mikutano. Wengi wao, kabla ya kupata bweni au nyumba, hulala siku kadhaa katika hoteli ndogo au hosteli za Moscow au St. Petersburg. Mfuko ukiwa mwepesi, wao huchagua kitanda cha bei ya chini kuliko vyote.

Sisemi kwamba hoteli ya bei nafuu ni mbaya. Zipo nyingi zilizo safi, zenye wahudumu waungwana na shuka zinazonukia sabuni. Wala bei kubwa si hakikisho la usalama. Ninachopinga ni ile desturi ya kuhesabu shilingi kwanza na kuikumbuka afya baadaye, wakati mwingine kitandani hospitalini.

CHUMBA KIKO WAPI?

Jambo la kwanza ni mahali chumba kilipo. Katika miji mikubwa ya Urusi, hoteli nyingi za bei nafuu hazina jumba lao wenyewe. Huwa zimo ndani ya majumba ya makazi ya ghorofa nyingi, wakati mwingine orofa ya chini kabisa au hata chini ya ardhi, mahali palipojengwa kwa ajili ya stoo na mabomba.

Januari 2020, katika mji wa Perm, wageni walikuwa wamelala katika hoteli ndogo iliyokuwa chini ya ardhi ya jumba la makazi. Usiku bomba linalopeleka maji moto ya kupashia nyumba joto likapasuka, na maji yanayochemka yakafurika vyumbani. Watu 5 walikufa, mmoja wao akiwa mtoto, na wengine wakaungua vibaya. Mji huo una watu wapatao milioni moja, na hao waliokufa hawakuwa wamefanya kosa lolote ila kulala.

Julai 2022 moto ulizuka usiku katika hosteli iliyokuwa orofa ya chini ya jumba la makazi mjini Moscow. Watu 8 walifariki. Madirisha yalikuwa na vyuma, vile vile ambavyo sisi huku tunaviweka kuzuia wezi. Mkenya anavifahamu vyuma hivyo tangu utotoni na huenda akaviona kuwa ishara ya usalama. Usiku wa moto, vyuma hivyo ni jela.

Serikali ya Urusi haikulala. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2019 inakataza kuendesha hoteli katika nyumba za makazi, isipokuwa mahali hapo pawe pamebadilishwa rasmi kuwa pa biashara na pana mlango wake wa kuingilia. Sheria hiyo yasaidia, lakini askari wa sheria hatakuwa nawe chumbani saa tisa za usiku. Kwa hivyo, kabla hujalipa, uliza: Chumba kiko orofa ya ngapi? Kina dirisha linalofunguka? Mlango wa pili wa kutokea uko wapi? Ukiambiwa chumba kiko chini ya ardhi au hakina dirisha, shukuru kisha utafute kwingine, hata kama tofauti ya bei ni ya chakula cha siku mbili.

MAJI NA CHOO

Mji wa St. Petersburg hupata maji yake kutoka Mto Neva. Kwa miaka mingi wageni wa mji huo walionywa kuhusu giardia, kijidudu kinachokaa matumboni na kuleta kuharisha kwa muda mrefu, gesi na uchovu. Mitambo ya mji imeboreshwa sana, na sasa maji husafishwa kwa miale pia. Hata hivyo maji hayo hupita katika mabomba ya majumba yaliyojengwa zamani kabla ya kufika bombani mwako, na hoteli za bei nafuu ndizo mara nyingi zilizomo katika majumba hayo.

Dawa yake si ngumu. Hoteli nyingi zina birika la umeme. Chemsha maji ya bomba baridi, yaache yapoe, uyatie chupani. Maji ya bomba la moto usiyanywe wala usiyapikie chai, kwani hayo hupitishwa katika mitambo na mabomba mengine kabla ya kukufikia. Ukiharisha, kunywa maji mengi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na usisubiri wiki mbili ndipo umwone daktari.

Choo na bafu katika hoteli kama hizi huwa vya watu wengi. Beba ndara zako mwenyewe. Warusi wenyewe huvua viatu mlangoni na kuvaa ndara za ndani, basi hakuna atakayekushangaa. Ndara hizo zitakukinga na fangasi za miguu. Jua pia kwamba wakati wa kiangazi mitaa ya miji ya Urusi hukatiwa maji moto kwa zamu, hadi siku 14, ili mabomba yakarabatiwe. Hoteli yenye mtambo wake wa kupashia maji haiathiriki. Kwa mgeni mwenye pumu au mtoto mdogo, hilo ni swali la kuuliza mapema.

BARIDI, JOTO NA MWANGA

Huku kwetu jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. St. Petersburg si hivyo. Mwezi wa Juni mchana hufikia karibu saa 19, na hata usiku haliwi giza la kweli. Desemba mchana haufiki saa 6. Mwili uliozoea saa 12 za giza huchanganyikiwa. Katika hosteli ya bei nafuu mapazia huwa mepesi, na mgeni hukesha wakati wa Juni akidhani ana ugonjwa. Kitambaa cheusi cha kufunika macho, ambacho fundi wa cherehani yeyote aweza kukushonea, ni dawa bora kuliko vidonge vya usingizi. Wakati wa baridi fanya kinyume: toka nje mchana, hata kwa nusu saa, upate mwanga. Anayejifungia chumbani wiki nzima hupatwa na majonzi asijue yametoka wapi.

Joto la nyumba nalo halimo mikononi mwa mgeni. Mji ndio unaofungua mabomba ya joto, na kwa kawaida hufanya hivyo pale wastani wa joto la nje unaposhuka chini ya nyuzi 8 kwa siku 5 mfululizo. Hivyo mwishoni mwa Septemba unaweza kutetemeka chumbani huku mabomba yakiwa baridi kama jiwe. Omba blanketi la pili. Usinunue hita ya umeme ya bei ya kutupa na kuiacha ikiwaka usiku. Mabomba yakishafunguliwa, hewa ya chumbani hukauka mno. Midomo hupasuka, pua hutoka damu, na wenye pumu hutaabika. Kunywa maji, jipake mafuta, na ufungue kidirisha kwa dakika chache kila siku.

Nje, tembea mbali na kuta za majumba theluji inapoyeyuka. Barafu huning'inia kwenye paa, na kila mwaka kuna wanaojeruhiwa inapoanguka. Ukiona utepe umefungwa kandokando ya jumba, usiuruke.

Kuna pia wale wanaokushauri unywe kidogo upate joto. Huo ni ushauri mbaya. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, ukahisi joto ilhali mwili unapoteza joto lake. Isitoshe, pombe ya magendo huua kule kama inavyoua huku. Desemba 2016 mjini Irkutsk watu zaidi ya 70 walikufa baada ya kunywa dawa ya kuogea iliyokuwa na methanoli. Sisi tuliozika makumi ya wenzetu Mei 2014 kwa sababu hiyo hiyo hatuhitaji kufundishwa zaidi.

KITANDA NA JIRANI

Chunguza godoro kabla ya kufungua mkoba. Inua shuka, tazama mishono na pembe za kitanda. Madoa madogo meusi ni alama ya kunguni. Kunguni hajulikani kuambukiza maradhi, lakini atakunyima usingizi na kukufuata hadi nyumbani ndani ya nguo zako.

Chumba cha vitanda 8 au 12 chenye madirisha yaliyofungwa miezi yote ya baridi ni mahali pazuri pa mafua na kifua kikuu kuenea. Urusi imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu sugu. Tusinyoosheane vidole, kwani Kenya nayo imo katika orodha ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Maana yake ni kwamba mgeni na mwenyeji wote wana wajibu. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe. Ukiweza, chagua chumba cha watu wachache.

HOMA ISIYO MAFUA

Hili ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Mtu ametoka Kisumu, Busia au Kilifi. Wiki ya pili akiwa St. Petersburg anashikwa na homa, kichwa kinauma na viungo vinatetemeka. Nje kuna theluji. Wenzake chumbani wanakohoa. Kila mtu anasema ni mafua, naye anajifunika blanketi na kumeza panadoli. Kumbe ni malaria aliyotoka nayo nyumbani. Malaria kali yaweza kuua kwa siku chache, na daktari wa nchi ya baridi huenda asiifikirie asipoambiwa.

Kwa hivyo homa yoyote katika miezi 3 ya kwanza baada ya kutoka nyumbani ichukuliwe kuwa huenda ni malaria hadi damu ipimwe. Mwambie mhudumu wa mapokezi apige simu 103, ambayo ni ya ambulensi, au 112. Kisha sema maneno mawili: "malyariya" na "Afrika". Mrusi atayaelewa bila mkalimani. Huduma ya dharura kwa mtu aliye katika hatari ya kufa hutolewa bure hata kwa mgeni. Matibabu yanayofuata hulipiwa.

Na hapo ndipo wengi hukwama. Tangu Machi 2022, kufuatia vita vya Ukraine, kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa na benki za nje ya Urusi, zetu zikiwemo, hazifanyi kazi huko. Aliyeziweka fedha zake zote katika kadi ni maskini mara anaposhuka ndege. Beba fedha taslimu na utenge sehemu isiyoguswa kwa ajili ya matibabu. Kata bima ya afya kabla ya safari, na usome yale maandishi madogo, kwani baadhi ya bima huziacha nje nchi zilizo vitani.

Tahadhari pia na dawa unazobeba. Dawa zenye kodeini haziuzwi Urusi bila cheti cha daktari tangu Juni 2012, na tramadoli nayo inadhibitiwa. Mchezaji wa mpira wa vikapu wa Marekani, Brittney Griner, alikamatwa uwanja wa ndege karibu na Moscow Februari 2022 akiwa na mafuta ya bangi. Aliihifadhi barua ya daktari wake kwao, lakini hilo halikumzuia kufungwa miaka 9, hadi alipobadilishwa na mfungwa mwingine Desemba mwaka huo. Acha nyumbani kile ambacho sheria ya huko hairuhusu. Dawa zako za kisukari, shinikizo la damu au pumu zibebe katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari iliyotafsiriwa kwa Kirusi.

Mwisho, nina neno kwa wazazi, mawakala wa safari na wanaofadhili wanafunzi. Mnapopanga gharama, mnaandika tiketi, viza, karo na malazi. Ongezeni mstari mmoja wa afya: bima, fedha za dharura, na usiku wa kwanza katika chumba chenye dirisha na milango miwili. Kijana wa miaka 19 anayefika ugenini saa nane za usiku, hajui lugha na amechoka, atalala popote atakapoonyeshwa. Jukumu la kuuliza ni lenu kabla hajaondoka.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Maswali hayo hayalipiwi hata senti moja. Yaulizeni kwa simu mkiwa bado hapa Nairobi, na hoteli isiyotaka kuyajibu iacheni.