Riwaya Nayo ni Kitabu cha Kazi

Muulize mwandishi wa programu asome nini anayeanza, atakutajia vya kazi kwanza: Kernighan na Ritchie kuhusu lugha ya C (1978), au majuzuu ya Donald Knuth yaliyoanza kutoka mwaka 1968. Bunilizi za kisayansi atazitaja mwishoni, kama burudani ya Jumapili. Toleo hili linaupinga mpangilio huo. Riwaya nzuri hufundisha jambo ambalo vitabu vya ufundi hulipitia juu juu: programu huishi muda mrefu kuliko alivyotarajia aliyeiandika.

Chukua A Deepness in the Sky (1999) ya Vernor Vinge, aliyekuwa mwalimu wa hisabati na kompyuta chuoni San Diego. Ndani ya vyombo vyake vya angani, maelfu ya miaka kutoka sasa, programu zimelundikana tabaka juu ya tabaka, na wapo mafundi ambao kazi yao ni kuzifukua. Chini kabisa ipo saa inayohesabu sekunde. Watu hudhani hesabu ilianza binadamu alipokanyaga Mwezi. Kumbe ilianza na mwaka 1970, sifuri ya mfumo endeshi wa Unix.

Saa hiyo Vinge hakuibuni. Imo kwenye simu yako. Mifumo ya zamani inayoitunza kwa biti 32 itafikia ukomo, sekunde 2,147,483,647, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki; sekunde inayofuata itasoma 1901. Walioipanga hivyo hawakuwa wazembe. Hawakutegemea tu kwamba kazi yao ingedumu kiasi hicho.

Ukitoka hapo, utamsoma Frederick Brooks kwa jicho jingine. The Mythical Man-Month (1975), kilichotokana na kazi yake ya mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, kinaonya kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni walewale waliokwisha kuelemewa.

Rafu hii si ya Kiingereza peke yake. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mhusika Dzombo anarushwa angani ndani ya chombo kilichokusudiwa kumuua, naye anajifunza kukiendesha kikiwa safarini. Aliyewahi kukabidhiwa programu isiyo na maelezo, aliyeiandika keshaacha kazi, atamwelewa.

Ndiyo maana vitabu vya toleo hili tumevipanga viwili viwili, cha ufundi na cha kubuni. Anayesoma cha kwanza ataandika programu inayofanya kazi. Anayesoma vyote viwili atamwandikia maelezo pia yule atakayeirithi.