Kugonga Ardhi Mara ya Pili

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, wakazi wa Gihundwe, wilayani Rusizi, walitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Nyumba ziliporomoka, hata makanisa, na makumi ya watu wakafa pande hizo za Ziwa Kivu. Aliyeyaona hayo akiambiwa kwamba wako wataalamu ambao huitetemesha ardhi kwa makusudi, kisha hurudi baada ya miaka michache kuitetemesha upya, atashangaa, na pengine ataudhika.

Mitetemo yao lakini ni hafifu. Mama wa nyumbani aijua kazi hiyo: hugonga ubavu wa pipa, akatambua kwa sauti maji yamefika wapi, akigonga tena jioni, hujua yametumika kiasi gani. Miamba yenye mafuta hupimwa vivyo hivyo. Baharini, hewa iliyoshindiliwa hufyatuliwa ghafla na kupeleka mawimbi chini. Kila tabaka la mwamba hurudisha mwangwi, nao hunaswa na kuhifadhiwa. Mafuta yakiisha kutolewa, na maji au gesi ikashika nafasi yake, mwendo wa mawimbi hubadilika, na mwangwi wa pili haulingani tena na wa kwanza. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe: huonyesha mafuta yaliyobaki yamejificha upande gani, na ni wapi mwamba umeanza kubonyea. Sharti vyombo viwekwe palepale pa awali, la sivyo itakayopimwa ni tofauti ya wapimaji.

Huko Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, hewa ya ukaa imekuwa ikisukumwa chini ya sakafu ya bahari tangu mwaka 1996. Eneo lile lilikuwa limekwisha pimwa mwaka 1994. Lilipopimwa tena mwaka 1999, gesi ilionekana jinsi ilivyotapakaa kati ya matabaka. Bila ile picha ya 1994, ya pili ingekuwa na faida ndogo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina budi kutangulia pipa la kwanza la mafuta. Jambo hili lawahusu majirani wa Uganda, ambako uamuzi wa kuwekeza katika Tilenga na Kingfisher, kando ya Ziwa Albert, ulitolewa Februari 2022. Ziwa hilo limo katika tawi lilelile la Bonde la Ufa lenye Ziwa Kivu.

Katika Kivu kwenyewe gesi inayovunwa haimo mwambani. Imeyeyuka katika maji ya kina kirefu. Kwa sababu hiyo vyombo huteremshwa ziwani mara kwa mara, kupima joto na chumvi, ili ijulikane kama matabaka ya maji yanayoizuia gesi hiyo yangali imara tangu ulipozinduliwa mtambo wa KivuWatt, wa megawati 26, huko Karongi mwaka 2016.